Muulize Bi Mkunga: "Nikipanda kile kitanda, nitafanywa nini?"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu walioitwa hospitali kwa vipimo au matibabu ya kizazi, na wananiuliza mimi yale waliyopaswa kumuuliza mtu aliyewaita. Siwalaumu. Nimefanya kazi wodi za wanawake tangu miaka ya 1980, Tanga kwanza, baadaye Dar es Salaam mpaka nikastaafu. Nimewaona kina mama wakitoka nyumbani na maswali tele, wakifika mbele ya koti jeupe wanabaki na "sawa daktari" tu. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Nina miaka 34, naishi Kigamboni. Kliniki walitangaza kupima saratani ya shingo ya kizazi nikaandikisha jina. Sasa nasikia wanapaka siki huko ndani, na anayepima ni daktari kijana wa kiume. Siki si itaniunguza? Na nikimkataa yule kijana nitaonekana mjeuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Siki ya kachumbari ibaki jikoni. Hii ni asidi ya siki iliyopimwa, asilimia 3 hadi 5, inapakwa kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, kisha mpimaji anasubiri kama dakika moja na kutazama kwa taa. Sehemu yenye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Utasikia ubaridi, pengine na kamwasho, basi. Kinachowasumbua wengi ni spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, kwa sababu mtu akikiona tu anabana mapaja. Kina saizi mbalimbali. Sema wazi, "Naomba kile kidogo," na kama ni cha chuma omba kipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Kajisaidie haja ndogo kabla ya kuingia. Vaa dera au sketi pana, suruali itakulazimu kubaki mtupu, na beba khanga ya kufunika magoti. Siku mbili kabla ya kipimo usiingize kitu ukeni: si dawa, si tendo la ndoa, wala hayo maji ya kujisafishia ndani ambayo nimeyapiga vita maisha yangu yote ya kazi. Ukiwa hedhini, ngoja iishe.

Ukiambiwa weupe umeonekana, usianze kugawa nguo zako. Mara nyingi hayo ni mabadiliko ya awali tu, na siku hiyohiyo yanaweza kutibiwa kwa kugandishwa na baridi kali au kuunguzwa kwa kifaa cha joto, bila kulazwa. Baada ya hapo utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nunua pedi, na mwenzio mwambie asubiri angalau wiki 4. Ukiambiwa uko salama, rudi baada ya miaka 3. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze na 25 na warudi mapema zaidi. Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, muulizie chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, ukiwa hapohapo. Hapa Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

Kuhusu yule kijana: una haki ya kuomba mpimaji wa kike. Kama hayupo, omba muuguzi wa kike awemo chumbani mpaka mwisho, na hilo hata usingepaswa kuliomba, kwa sababu daktari mwenyewe anamhitaji shahidi huyo kwa usalama wake. Ila nikuambie nilichokiona: nimefanya kazi na madaktari wa kiume wenye mkono mwepesi kuliko wengi wetu, na wakunga wenzangu ambao nisingependa wanipime mimi.

SWALI: Je, ni lazima ninyoe kabla ya kwenda kupimwa? Naona aibu. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hapana. Oga kwa maji ya kawaida uende. Hata kwenye upasuaji, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limesema wembe usitumike, maana unaacha mikwaruzo inayopitisha vijidudu. Zikilazimika kuondolewa, zinakatwa kwa mashine hospitalini. Nesi hatazami nywele zako, mwanangu. Anatazama foleni iliyo nyuma yako.

SWALI: Bi Mkunga, mimba yangu ya wiki 10 ilitoka wiki iliyopita. Nilifika hospitali asubuhi natoka damu yenye mabonge, nikakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Nesi wa kwanza aliniuliza mbele ya watu, "Umemeza nini?" Nikasema sijameza kitu. Nikapandishwa kitandani, nikasafishwa bila ganzi. Nilipolia nikaambiwa, "Wakati wa kuitafuta ulilia?" Nikapewa vidonge nikaondoka. Kwenye cheti wameandika MVA. Wifi yangu anasema nimekwanguliwa na sitashika tena. Bado natokwa na damu kidogo. Je, ndivyo inavyofanywa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Pole sana mama. Pole ya mimba kwanza, maana sidhani kama kuna aliyekupa pale.

Hapana, sivyo inavyofanywa. Nakueleza inavyotakiwa, uweke kando ya ulivyotendewa.

Mimba ikiharibika kabla ya wiki 12 na mabaki yakabaki ndani, njia ni tatu. Kama damu si nyingi na huna homa, mwili unaweza kuachiwa umalize wenyewe huku ukifuatiliwa. Au unapewa vidonge vya misoprostoli, vinavyokifanya kizazi kijikunje na kusukuma. Au unasafishwa kwa hiyo MVA: mrija mwembamba wa plastiki unapitishwa kwenye shingo ya kizazi, unaungwa na bomba kubwa la mkono lenye umbo la sirinji, na mabaki yanafyonzwa. Kazi yenyewe ni dakika 5 hadi 15. Kukwangua anakokusema wifi yako kulikuwepo, nimekushuhudia: mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji, anapigwa nusu kaputi, daktari anatumia chuma. Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri njia hiyo iachwe, bomba lichukue nafasi yake. Wifi yako anakuonea huruma ya enzi nyingine.

Sasa maumivu. Nusu saa hadi saa moja kabla, mgonjwa anapewa dawa kama ibuprofeni au diklofenaki. Akishapanda kitandani, anachomwa lignokeini pembeni mwa shingo ya kizazi, kisha wanangoja dakika chache ganzi ishike. Nisikudanganye, hata hapo kuna mkazo wa tumbo, wakati kizazi kinapojikunja mwishoni, lakini ni wa dakika chache na unabebeka. Wodi niliyofundishiwa kazi, mmoja wetu hakuwa na jukumu lingine ila kusimama upande wa kichwa, kumshika mgonjwa mkono na kumwambia: sasa utasikia baridi, sasa sindano, sasa vuta pumzi, tunakaribia. Aliyeambiwa kinachokuja hakazi mwili, na asiyekaza mwili kazi yake inakwisha upesi. Hayo tulifundishwa kama tulivyofundishwa kupima presha.

Najua watetezi watasema nini: dawa ziliisha, ilikuwa dharura. Mgonjwa anayevuja damu mpaka presha inaanguka, sitamlaumu anayekimbilia bomba moja kwa moja. Lakini aliyekaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri alikuwa na muda wa kumeza vidonge vya maumivu. Hilo silioni kama suala la stoo.

Na lile swali la umemeza nini? Lina sababu ya kitabibu. Kama kuna kitu kilichomezwa au kuingizwa, daktari anapaswa kujua, kwa kuwa hatari ya maambukizi na ya kuumia ndani inabadilika, na antibayotiki pia. Ila linaulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia, na matibabu hayasubiri jibu. Kumhudumia mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni huduma halali katika hospitali zetu, iwe iliharibikaje.

Ukitaka kulalamika, na ningependa ulalamike, andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa. Peleka kwa Muuguzi Mfawidhi au Mganga Mfawidhi wa hospitali ile. Ukiona kimya, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kupokea malalamiko dhidi yetu ni sehemu ya kazi yake. Sanduku la maoni lipo pale mlangoni, ila mimi naamini zaidi barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri, nakala ukabaki nayo.

Turudi kwenye mwili wako. Damu kidogo mpaka wiki 2 ni kawaida, inakuja na kukoma. Rudi hospitali upesi ukijaza pedi mbili kwa saa moja na hali hiyo ikaendelea saa mbili mfululizo, au ukipata homa, uchafu unaonuka, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Usikutane na mumeo mpaka damu ikome. Kuhusu kushika tena, tatizo linaweza kuwa kinyume na anavyodhani wifi: yai linaweza kupevuka mapema, hata siku ya nane au ya kumi baada ya mimba kutoka, kwa hiyo wapo wanaopata mimba nyingine kabla hawajaona hedhi. Kama hauko tayari, omba uzazi wa mpango sasa. Kama unataka mtoto, iache damu ikome na moyo utulie, anza foliki asidi, muendelee. Wiki 8 zikipita hujaona hedhi na kipimo cha mimba hakionyeshi kitu, nenda ukaangaliwe.

SWALI: Assalaam aleykum Bi. Mimi ni wa Mombasa, miaka 46, nina watoto wanne. Nina uvimbe kwenye kizazi, hedhi yanitoka siku kumi na mbili, damu imeshuka hadi 7. Daktari ataka kukitoa kizazi. Mume wangu yuko Oman kikazi, na karani aniambia bila sahihi yake hakuna operesheni. Mavyaa naye asema mke asiye na kizazi ni gunia tupu. Je, ni kweli? Na operesheni yenyewe yawaje?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Tuanze na karani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake. Wewe ni mtu mzima mwenye akili zako. Anayesaini ni wewe. Mumeo mpigie simu, zungumzeni, hayo ni ya ndoa yenu na ni mazuri. Karani mwombe akuonyeshe ilipoandikwa kwamba sahihi ya mume ni sharti. Akikosa, omba kumwona msimamizi wa wauguzi.

Fomu yenyewe isome, au usomewe, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Imeandikwa kutoa nini? Kizazi peke yake, au na ovari? Na shingo ya kizazi itabaki? Ovari zako zikiwa nzima, uliza kwa nini ziondolewe: zikibaki zinaendelea kutoa homoni, hutakutana na joto la ghafla la kukoma hedhi asubuhi ya pili. Shingo ikibaki, utaendelea kupimwa saratani. Uliza pia kama uvimbe peke yake ungeweza kutolewa, au kama kitanzi chenye homoni kingekufaa, maana kwa miaka 46 hauko mbali na kukoma hedhi, na uvimbe huu kwa kawaida hunywea baada ya hapo. Sikwambii ukatae. Huenda uvimbe ni mkubwa na daktari ana sababu zote. Nataka uisikie sababu hiyo kinywani mwake.

Hiyo 7 inanitia wasiwasi kuliko kisu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kama hakuna haraka ya kufa na kupona, kwanza upandishwe damu kwa madini ya chuma, na hedhi ipunguzwe kwa dawa wakati mnangoja. Kama haiwezekani, utaongezewa damu, na ndugu waanze kujipanga kuchangia. Chupa moja ni kama mililita 450, mtu mzima mwenye afya anaitoa na kurudi kazini.

Siku yenyewe: chakula unaacha saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa waseme vinginevyo. Unawekewa kanula mkononi, kile kijimrija cha kupitishia dawa, na mpira wa mkojo. Wengi hupigwa sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi: unakaa ukingoni mwa kitanda, unainama kidevu kikigusa kifua, unachomwa chini mgongoni. Miguu inapata joto, inakuwa mizito, halafu huisikii. Unabaki macho nyuma ya pazia la kitambaa. Utahisi kuvutwavutwa na kusukumwa, na wengi hutetemeka meno yakagongana. Usiogope, ni ile sindano. Ukisikia maumivu makali, sema pale pale, ipo dawa ya kuongeza. Kwa kawaida ni saa moja hadi mbili.

Siku ya pili mpira wa mkojo hutolewa na wauguzi watakusimamisha. Utatuchukia. Lakini kulala tu kunagandisha damu miguuni, na bonge likipanda kifuani linaua. Kunja khanga, ibane juu ya kidonda unapoinuka au kukohoa. Tumbo litajaa gesi, na ukijamba usione haya, waambie. Wodini habari hiyo hupokelewa kwa furaha kwa sababu matumbo yameamka. Wengi huruhusiwa kati ya siku ya 2 na ya 4. Wiki 6 hunyanyui ndoo, hubebi mjukuu, hukutani na mume. Kula papai, kunywa maji, kujikamua chooni na mshono mpya ni adhabu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana, kidonda kikitoa usaha, usingoje tarehe ya kliniki.

Mfuko wako: khanga tatu zilizochakaa, magauni ya kufungua mbele, pedi kubwa, ndala, beseni dogo, kikombe, chaja, karatasi zote za vipimo. Dhahabu acha nyumbani. Na kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: kizazi kilichotolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa. Majibu hayo yafuate mwenyewe na uondoke na nakala, pamoja na cheti kinachosema hasa nini kilitolewa. Nimepokea wanawake wenye kovu tumboni wasiojua walitolewa nini, na daktari mpya anaanza kubahatisha.

Mavyaa sasa. Kinachoondoka ni hedhi na kubeba mimba. Uke unabaki, hamu inabaki, ovari zikiachwa na homoni zinabaki. Na mke aliyekuwa akivuja siku kumi na mbili kila mwezi, damu ikikoma, mara nyingi ndiye anayerudi kitandani mwenye nguvu kuliko alivyokuwa. Ulimi wa mavyaa sina dawa yake. Ila uji wa zile wiki 6 unahitaji mpishi, na naona nafasi iko wazi.

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mke wangu hajashika mimba mwaka wa tatu sasa. Ameandikiwa kipimo cha mirija kwa eksirei na nasikia kinauma sana. Mimi nilizaa mtoto ujanani kwa hiyo sina tatizo. Nimsaidie vipi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba baba. Kipimo hicho hufanywa hedhi ikiisha na kabla yai halijapevuka, kwa wengi kati ya siku ya 7 na ya 10 ukihesabu tangu hedhi ilipoanza, na tangu hapo mpaka kipimo msikutane. Dawa maalumu inapitishwa kwenye shingo ya kizazi kwa mrija mwembamba huku picha zikipigwa, ionekane kama inapita kwenye mirija na kumwagika upande wa pili. Wengine husikia tumbo kama la hedhi, wengine huumia hasa, zaidi kama mrija umeziba. Amuulize daktari dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla. Kama ana pumu au aliwahi kudhurika na dawa ya ayodini, aseme mapema. Atatokwa na matone ya damu siku moja mbili. Nenda naye, mrudi pamoja.

Ila umeniandikia kwamba huna tatizo, na hapo sikubaliani nawe. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Mtoto wa ujanani anathibitisha mbegu za wakati ule. Mbegu huchukua miezi karibu mitatu kutengenezwa, kwa hiyo za leo si zile, na tangu siku zile umepita mengi. Kipimo chako hakina sindano wala eksirei. Unajizuia siku 2 hadi 7, unapewa kikopo na chumba cha faragha, sampuli inafika maabara ndani ya saa moja. Tangulia wewe, kabla ya hedhi yake inayofuata. Majibu yakionyesha tatizo liko kwako, daktari anaweza kuamua hiyo eksirei ya mkeo isubiri.